Wimbo Uliomkalisha Fahali

Jumatatu hiyo gazeti lilikuwa mikononi mwa Mheshimiwa, kwa hiyo hakuna mwingine aliyeliona. Mheshimiwa aliwahi kugombea udiwani akapigiwa kura na watu wa nyumba yake, tena si wote, lakini hapo kwenye benchi la kibanda cha chai cha Awinja, nyuma ya stendi ya Kakamega, haki ya kusoma kwanza ilikuwa yake. Akajikohoza, akasoma, "Fahali akataa kupigana Ikolomani, mashabiki waduwaa."

"Hakukataa," akasema Osiako. "Alikaa."

Fahali alikuwa wake. Ndiye aliyefanya watu wa benchi wamwite Osiako Pembe, maana alikuwa amewatimua fahali wote kuanzia Malinya hadi Malava. Jumamosi asubuhi alifika uwanjani, akamtazama mpinzani wake, akakunja magoti, akalala mbele ya umati.

"Fahali haendangi uwanjani kama mtu ameitwa kwa chifu," akasema Kaseti. Huyu ni Abdulnasir wa Mumias, muuza kanda za muziki. "Anaamshwa na ngoma za isukuti, anaimbiwa njia yote mpaka damu inachemka. Sasa huyo wako aliimbiwa na nani?"

Alijua. Kila mtu alijua. Aliimbiwa na Mitcho, mpwa wa Osiako, yule yule wa "Edah Fungua". Katika wimbo huo Edah anaombwa afungue mlango, na hafungui, dakika nne nzima. Kenya yote ilicheza. Mitcho alipochoka kubisha huo mlango kila wikendi, aliihama Nairobi akajifungia nyuma ya jiko la mjomba wake na shiriri, fidla yetu ya waya mmoja, akitunga wimbo mmoja tu tangu mvua za masika, ndio huo aliomwimbia fahali Jumamosi. Kanisani haonekani. Hata matangani haendi, na matangani kwetu huenda hata mchawi.

Jambo ambalo benchi halikulijua ni kwamba Kibiwott, mwenye studio, alikuwa amekuja kutoka Nairobi kumchukua. Alikuwa ng'ambo ya barabara, hotelini, anakula ingokho, kuku wa kienyeji. Na asubuhi hiyo Mitcho alikuwa amemwambia mjomba wake, "Khocha, waulize watu wa benchi. Wale hawajawahi kumsifu mtu. Wakisema wimbo wangu ni mbaya, naingia kwa gari ya Kibiwott. Wakisema ni mzuri, nabaki."

Osiako alikuwa bado na uchungu wa fahali. Alitaka waseme ni mbaya, tena waseme haraka, kijana aondoke nyuma ya jiko na aibu iondoke naye.

"Nyinyi mlikuwa huko," akaanza, akikoroga chai iliyokwisha korogwa. "Ule wimbo uko aje?"

"Ule si wimbo," akasema Kaseti. "Wallahi, Pembe, nilingoja kiitikio mpaka nikachoka. Kilikataa kuja."

"Kwa hivyo ni mbaya."

"Sijasema mbaya. Nimesema hauna kiitikio. Mimi nitauza nini?"

"Kulikuwa na kasoro ya utaratibu," akasema Mheshimiwa. "Isukuti zilinyamaza. Nani aliruhusu isukuti zinyamaze?"

"Zilinyamaza zenyewe," akasema Kaseti. "Wapigaji walikuwa wanasikiliza."

"Waliitwa kusikiliza?"

Awinja akaweka birika chini. "Na wewe Mheshimiwa uliitwa kulia?"

"Jua lilinipiga macho."

"Kulikuwa na ukungu."

Mheshimiwa akarudi kwenye gazeti lake, ukurasa wa matangazo ya vifo, akausoma kwa makini sana.

"Mimi mandazi yangu pale uwanjani yaliungua yote," Awinja akaendelea. "Yakawa nyeusi. Watu walinunua hivyo hivyo, na hakuna hata mmoja aliuliza. Ni pale aliimba vile mamake alikuwanga anaita watoto jioni waje kula obusuma. Anaita mmoja mmoja. Halafu anaita Ayuma, na Ayuma alishakufa. Anaita tu. Na sahani anaweka."

Mama huyo alikuwa dada yake Osiako, naye Osiako alikuwa amemsikia akiita hivyo kwa masikio yake, jioni nyingi, mpaka naye akazikwa kando ya mwanawe. Hakuwahi kumweleza mtu jinsi ilivyomuuma. Alidhani kijana alikuwa mdogo, amesahau.

"Sitaki hadithi," akasema. "Ni mzuri ama ni mbaya? Mseme."

Wakatazamana. Hapo benchini askofu alikuwa amesemwa, timu ya taifa imesemwa, na hata mvua ilisemwa ilipokuja kwa wakati. Kaseti akakuna shingo.

"Mbaya haukuwa," akasema.

"Sipingi hoja hiyo," akasema Mheshimiwa nyuma ya gazeti. "Lakini na mwenye fahali ajibu. Pembe, ulikuwa na fimbo. Fahali alipokaa, mbona hukumwinua?"

Osiako akanywa chai yote iliyobaki, na ilikuwa baridi.

"Nilikuwa nimekaa."

"Wapi?"

"Kando yake."

Hakuna aliyecheka, na kwenye benchi hilo haikuwa kawaida. Wakati huo Kibiwott alikuwa anavuka barabara, kijiti cha meno mdomoni, funguo za gari mkononi.

"Mzee, kijana yuko tayari? Watu Nairobi wanamngoja."

Osiako akasimama. Aliwatazama wenzake, wote wakatazama vikombe.

"Haendi," akasema. "Nimeuliza watu wanaojua, wamesema abaki."

"Abaki kufanya nini? Nasikia huo wimbo wake mpya umelaza ng'ombe."

"Umelaza," akakubali Osiako. "Siku moja utausikia. Kama utakuwa unaendesha gari, simama kando kwanza."

Kibiwott akamtazama, akalitazama benchi zima, akaenda zake. Gari lilipokwisha kupotea, Kaseti aliukunja mkeka wake wa kanda, Mheshimiwa akalikunja gazeti, kila mtu akaanza kukumbuka kazi aliyokuwa nayo.

"Na fahali, Pembe?" akauliza Awinja. "Huyo hapigani tena."

"Nitamfunga jembe, alime," akasema Osiako. "Nitamwomba tu kijana asiimbe saa ya kulima. Tukikaa sote, nani atapanda mahindi?"