Mkwe Wangu Hakususa

Leo nimeadhirika. Kanzu yenyewe hii hapa, magotini imejaa vumbi la sakafu ya watu. Ngojeni nikae kwanza. Na wewe Idi usijifiche nyuma ya nguzo, chanzo ni wewe.

Mnajua nimeposa Temeke, kwa Mzee Hatibu, baba yake Zuhura. Mjomba alipeleka posa tangu kabla ya Ramadhani, jibu hakuna. Wiki iliyopita mzee akamwambia: kijana mwenyewe aje Jumamosi tucheze briji, tukimaliza nitajibu. Briji! Mie nacheza turufu hapa barazani, tena mnanifunga kila siku. Lakini mzee alikuwa mtumishi wa klabu ya Wazungu, kasimama na sinia nyuma ya viti vyao mpaka mchezo ukamwingia. Sasa mwenziwe wa kucheza naye kahamia Tanga.

Idi akasema briji anaijua. (Anaijua!) Kumbe alichokijua ni mnada tu. Kabla ya kucheza mnanadi: unataja upande wenu utakula mara ngapi na turufu iwe ipi, anayetaka zaidi anapanda juu yako. Tumenadi wiki nzima kama madalali. Nikamuuliza, na kucheza kwenyewe je? Akasema karata ni karata.

Basi nimepiga baiskeli kutoka Kinondoni mpaka Temeke, kanzu nimeikunja kiunoni isiingie mnyororo. Shikamoo mzee, marahaba, karibu ukae. Nimepangwa upande mmoja na mzee, tumekaa tunatazamana. Wapinzani ni majirani wawili, mwalimu na mdresa wa hospitali. Nyuma ya pazia nasikia vikombe vya kahawa. Nikajua Zuhura yupo.

Mzee akaanza: "Shupaza moja." Mie nikatazama mkononi, nina shupaza tele, na ree mbili juu yake. Idi alinifundisha hapo nipande. Nipande juu ya mkwe? Mzee kasema moja, mie mtoto wa juzi niseme nne? Nikanyamaza kwa adabu zangu. Wote wakapita, na kabla hatujacheza mzee akaomba azione karata zangu: tungekula karibu zote, tukaandikiwa alama kiduchu, kwa kuwa tuliahidi kiduchu. Akazihesabu shupaza zangu moja moja, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaniambia taratibu kwamba mezani hakuna mkwe, nikiwa na karata nipande, mkono huo tuuache tugawe upya.

Haya. Mkono wa pili akasema kopa moja. Nikafumba macho nikasema: "Shupaza nne." Wote wakapita. Mwalimu akatoa karata ya kwanza, na hapo hapo mzee akaziweka zake zote mezani, wazi.

Nyie, hapa kwetu mtu akiweka karata zake wazi mchezo ukiwa bado, maana yake nini? Kasusa! Tena mzee alizipanga vizuri, rangi kwa rangi. (Nikasema moyoni, huyu anasusa kwa utaratibu.) Akakunja mikono, akanitazama. Nikamwambia samahani mzee, nimepanda mno. Hajibu. Nikasema nateremka, iwe moja kama ulivyosema. Hajibu. Mdresa anatazama dari, mabega yanamtikisika. Posa yangu naiona inaondoka hivi hivi!

Nikapiga magoti. Ndiyo, magoti, mbele ya majirani. Nikaweka na karata zangu wazi mezani ili mzee asisuse peke yake, nikamshika mkono nikaomba radhi, na za marehemu baba nikaomba.

Pazia likafunguka. Zuhura, sinia mkononi, kachoka kabisa. "Baba hajasusa. Ukishinda mnada, mwenzio analaza karata zake na haruhusiwi kusema, wewe ndiye unayemchezea zote. Mfalme wa kopa yule pale, mbona unamwacha?"

Idi, karata ni karata, eh?

Mzee akacheka mpaka akashika meza. Kisha akaacha kucheka, nikaona jibu langu linakuja.

"Posa nimeikubali. Adabu unayo, mpaka imezidi. Lakini mkishaoana, kila Jumamosi mtakuja wote wawili, kiti hicho atakikalia Zuhura."

Nikauliza, na mie nitakaa wapi? Zuhura ndiye aliyenijibu: alikaa kitini pangu, akaokota karata zangu, akanipa sinia.

Kwa hiyo harusi ipo, nyote mmealikwa. Ila atakayecheka leo, siku hiyo asiniletee kikombe. Anayemimina kahawa sasa ni mie.