Naomba Simu Yangu ya Mezani Ikatwe

Donatus Mageni,
Ibadakuli, Shinyanga.
Jumapili, 11 Agosti 2024

Meneja wa Kampuni ya Simu,
Shinyanga Mjini.

Ndugu Meneja,

YAH: KUKATWA KWA SIMU YA MEZANI KABLA SIJAWA MGENI NYUMBANI KWANGU

Nakusalimu kwa heshima, nikiamini u mzima pamoja na wafanyakazi wako wote, hasa binti Goodness, fundi wako, aliyefika hapa Jumanne iliyopita akiwa na ngazi begani. Alinieleza kwa upole kwamba katika laini yote inayotoka barabara kuu hadi kwangu, yenye nguzo kumi na tisa, nimebaki mteja peke yangu. "Mzee wangu," aliniambia, "nguzo zote hizi zimesimama kwa ajili yako. Amua kabla mwezi haujaisha: uendelee nayo au tuing'oe."

Nimeamua. Ing'oeni. Mke wangu Euphrasia, ambaye wengi wanamjua kama Mama Vumilia, ameamua kinyume, na ndiyo maana naandika wakati yeye yuko kanisani. Sababu zangu ni hizi:

1. Simu ya mezani inamnyima mtu uhuru wa kutokuwepo. Wenzangu wana simu za mkononi. Mtu yuko sebuleni kwake anatafuna karanga, anaulizwa alipo, anajibu yuko Kahama kwa shughuli muhimu, na mambo yanaishia hapo. Mimi nikipokea tu, nimekamatwa. Kwa njia hiyo nimekuwa katibu wa kamati ya mazishi, katibu wa kamati ya maji, na mjumbe wa kamati ya kumpokea mgeni ambaye mpaka leo hajafika. Sikuchaguliwa kwa uwezo. Nilichaguliwa kwa kupatikana.

2. Mwezi wa tatu mwaka jana, mchimbaji mmoja wa Mwakitolyo aitwaye Chacha alipiga simu akitafuta ofisi ya parokia, ambayo namba yake inapishana na yetu kwa tarakimu ya mwisho. Alitaka padre amwombee kabla hajashuka kwenye duara, yaani shimo lao la dhahabu. Mke wangu akapokea, akasalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka." Chacha ni mtu wa Tarime. Alidhani ni Kilatini, akajibu, "Amina."

Mke wangu akamwambia padre hayupo. Kisha, badala ya kuweka simu chini kama mtu mwenye kazi zake, akamwuliza, "Umekula?" Chacha akasema hajala. "Basi hushuki popote. Nenda kale kwanza, na wenzako pia."

Wakaenda saba kwa mama lishe. Walipokuwa bado wananawa mikono, duara likatitia. Udongo ulikwenda na kamba, ndoo, na matimba, yale magogo ya kushikilia kuta. Watu hawakuwemo.

Namshukuru Mungu kwa hilo kama mtu mwingine yeyote. Ninacholalamikia ni kilichofuata.

3. Kesho yake walipiga tena kabla ya kushuka. Keshokutwa yake wakapiga wa duara la jirani. Leo hii yako maduara matatu ambayo hakuna anayeshuka bila kwanza kuongea na mke wangu. Simu inaanza saa mbili asubuhi. Anawauliza kama wamekula, kama matimba yamekaguliwa, nani kayakagua, na nani kanuniana na nani. Walionuniana hawashuki mpaka waombane radhi kwa sauti, naye akisikiliza. Akichelewa kumaliza uji wake, wanaume arobaini wanasubiri uji wa mtu mmoja. Siku alipoumwa jino, hakuna aliyeshika sururu, na nasikia kule wanaiita Sikukuu ya Jino.

4. Mwenye duara mmoja, Bwana Mwigulu, alikuja hapa na pikipiki akiwa amefura. Nilifurahi sana. Nikamkaribisha mwenyewe. "Mama, unanichelewesha kazi!" akasema kabla hajakaa. Mke wangu akampa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, akamwuliza mara ya mwisho yeye mwenyewe alishuka lini kwenye shimo lake. Bwana Mwigulu akameza, akasema, miaka minne.

"Kashuke kwanza," mke wangu akamwambia, "halafu uje tugombane vizuri."

Alishuka. Nimeambiwa alipanda haraka kuliko alivyoshuka, na siku hiyo hiyo akaagiza magogo mapya. Sasa naye anapiga. Anamwita mke wangu Mama. Yeye ana miaka hamsini na minane, mke wangu ana sitini na miwili.

5. Usidhani sikutafuta suluhu. Nilimnunulia mke wangu simu ya mkononi, nzuri, yenye tochi. Akaifungia kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Nilipomwuliza sababu, akasema, "Ile mtu anaipokea akiwa anatembea, anachagua nyanya. Mtu anayeniuliza kama ashuke shimoni, nataka aongee na mtu aliyekaa chini."

Ndugu Meneja, hoja hiyo ilinishinda. Na mwanamume akishindwa hoja nyumbani kwake inambidi aandike barua.

6. Hii ndiyo inayoniuma hasa, na ningependa uisome ukiwa peke yako. Mwezi uliopita mke wangu alikwenda sokoni, simu ikalia, nikapokea. Sauti ikasema, "Hapa duara namba mbili. Tumekula, matimba mazima, hatuna ugomvi." Nikawaambia, basi shukeni. Wakauliza, "Samahani, nani mwenzetu?" Nikasema mimi ni mume wake. "Oo, shikamoo mzee," wakasema. "Tutamsubiri."

Nilikuwa bwana shamba wa pamba kwa miaka thelathini na moja. Watu wa Didia walikuwa hawaweki mbegu ardhini mpaka niseme. Leo watu waliokaa ukingoni mwa shimo, tayari na taa vichwani, hawaamini neno langu hata la kushuka, jambo ambalo udongo wenyewe unalifanya bila kuombwa. Simu hii iliwekwa mwaka 1998 kwa jina langu. Ukiondoa mambo ya kamati, haijawahi kulia ikinitafuta mimi.

7. Kwa hiyo naomba ikatwe. Kama sheria zenu haziruhusu, basi naomba nyumba yangu itambuliwe rasmi kuwa ofisi, mke wangu atambuliwe kuwa mkuu wa ofisi, na mimi nitambuliwe kuwa mtumishi aliyefanya kazi humo zaidi ya mwaka bila likizo. Kama hilo nalo haliwezekani, nihamisheni. Niko tayari kwenda hata Ushirombo.

Napendekeza mafundi wafike Alhamisi saa kumi jioni, mke wangu akiwa kwenye jumuiya. Waje bila kelele, waanzie nguzo ya mbali.

Nisalimie Goodness, familia yako, mlinzi wa getini kwenu ambaye siku zote hunipa kiti, na wateja wote wa laini yetu, ambao ni mimi. Salamu hizo nimeshazipata.

Ni mimi, mteja wako wa mwisho,

Donatus Mageni
Bwana Shamba Mstaafu

Baada ya sahihi: Nilikuwa nalamba bahasha simu ikalia. Alikuwa mchimbaji anayeitwa Innocent. Nikamwambia Mama hayupo, na leo ni Jumapili, hakuna kushuka. Akasema hamtafuti Mama. Alikuwa anatafuta mwanamume mtu mzima. Barua yake ya posa kwa wazazi wa binti mmoja, Anisia, imerudishwa mara mbili. Wanasema inasomeka kama ya kuomba kazi. Nikamwambia anisomee. Kweli, aya ya pili ilisema ana uzoefu wa miaka mitano na anaweza kuanza mara moja.

Tumeiandika upya, neno kwa neno, kwa saa nzima na robo, yeye akiwa amekaa juu ya ndoo. Katikati akaniuliza mimi mwenyewe nilijisikiaje siku nilipompeleka mshenga kwa kina Euphrasia. Ndugu Meneja, katika miaka thelathini na tisa ya ndoa hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nilimweleza yote. Ilibidi nivue miwani. Nilipomaliza, akasema wako wenzake wanne nyuma yake wenye shida hiyo hiyo, akauliza kama mzee hajachoka.

Hivyo, barua hii uisome kinyume. Nguzo zote kumi na tisa zibaki, na ile ya saba iliyoinama inyooshwe. Naomba pia simu ya pili, maana moja haitoshi nyumba yenye watu wawili wanaotafutwa. Goodness anaweza kuja kuifunga siku yoyote, ila asije Jumapili saa nne hadi saa sita. Nitakuwa nimekaa chini, naongea na mtu.