Pembe ya Msaragambo Kwenye Redio ya Gari

Jumatatu, 8 Agosti 1955. Same.

Mdomo wangu umeniponza. Asubuhi Bwana Mkubwa, Mzungu wetu wa kilimo, aliingia ofisini uso umemwiva. Mkutano wake na wakulima wa kahawa wa Bombo umeshindikana tena. Aliegesha gari, akafungulia redio ili muziki uwavute watu, wakaja wazee watatu na mbwa. Redio ya gari lile ina sauti ya mbu ndani ya kopo! Akauliza nani ataiongezea sauti bila kuigharimu ofisi. Mimi nikiogopa husema "Ndiyo, Bwana". Nikasema. Akajibu vizuri sana, Jumamosi tunapanda Bombo pamoja, na watu wasipokuja, kazi yangu ya ukarani atapewa Kassimu.

Kassimu ni karani wa muda. Anapiga taipu bila kutazama vidole. Anamwuliza Bwana maswali akiwa amekaa. Amekaa! Simpendi hata kidogo, ila siachi kumtazama.

Jumanne, 9 Agosti.

Nimeazima faneli ya mafuta ya taa, nikaifunga kwa kamba mbele ya spika. Shuleni nilikuwa wa kwanza katika somo la sauti, hivyo sikuwa na shaka. Sauti ilikua kweli. Lakini mwimbaji alisikika kama ng'ombe aliyekabwa, na gari zima sasa linanuka mafuta ya taa. Kassimu akatoka barazani, akauliza mgonjwa anapelekwa hospitali saa ngapi. Bwana alinusa tu, akaenda zake kwa miguu. Afadhali angefoka.

Jumatano, 10 Agosti.

Pembe! Nimelipata jibu nikinywa uji. Ile pembe ya tandala anayoitunza baba mkubwa Sefania huko Bombo, ya kuwaitia watu msaragambo, kazi yetu ya pamoja. Utotoni, kabla sijapelekwa shule ya bweni, niliisikia ikivuka bonde na kufika kilima cha pili ikiwa na nguvu zake zote. Chombo cha ajabu! Hakuna kiwanda cha Ulaya kinachoweza kuunda kitu kama kile. Na ni bure.

Alhamisi, 11 Agosti. Bombo.

Nimepanda kwa lori la magunia. Baba mkubwa ameshuka Kihurio kutazama mpunga wake. Nashukuru. Nilimwamkia mama mkubwa Susana, akaitikia marahaba mwanangu, mbona umekonda, ofisi yenyewe haikulishi? Nikaomba pembe. Ya nini? Ya kazi ya ofisi. Akaitoa darini, imefungwa kwa kitambaa kama mtoto mchanga, akanionya nisije nikaipuliza. Nikaapa kwamba midomo yangu haitaigusa. Sikudanganya. Itapulizwa na redio.

Jumamosi, 13 Agosti.

Tulifika Bombo asubuhi, barabara tupu. Nikaifunga pembe kwenye spika kwa mpira wa baiskeli. Bwana akatazama saa yake. Nikawasha. Milima ile inameza mawimbi, stesheni haikupatikana, ukatoka mngurumo mtupu. Buuuuu! Nikazima. Nikawasha tena. Buuuuu! Nikazima. Bwana akanisukuma kando, akawasha mwenyewe na kuongeza sauti hadi mwisho.

Buuuuu!

Hapo ndipo nilipokumbuka. Pembe ikilia mara tatu, ndiva imebomoka, lile bwawa letu la kumwagilia mashamba. Kila mwenye nguvu anakuja na jembe.

Wakaja! Walitelemka kutoka kila kilima, wakapenya migombani, wanaume kwa wanawake, wengine unga bado mikononi. Hakuna aliyesita, hakuna aliyeuliza zamu ni ya nani. Sijapata kuona kitu kizuri namna ile. Kwa kitambo nilisahau kuogopa.

Bwana hakusahau. Aliona mamia ya majembe yanamjia mbio. Akajitupa ndani ya gari, akafunga milango, akapandisha vioo. Mimi niliachwa nje.

Baba mkubwa, aliyekwisha rudi kutoka Kihurio, alifika akihema. Ndiva imebomokea wapi? Nikasema ni nzima. Nani basi ameita watu? Nilikusudia kusema ukweli. Kidole kikaelekea kwenye kioo cha gari.

Baba mkubwa akafikiri, akasema basi huyu ndiye mwenye msaragambo, na aliyeita hutangulia kulima. Tope la ndiva lilikuwa la kuzolewa mwezi ujao, litazolewa leo. Akagonga kioo kwa adabu, akainua jembe. Nikamtafsiria Bwana kwamba wanampa heshima kubwa.

Na akalima! Lazima nimsifu. Alivua koti, akaingia topeni hadi magotini. Mama mmoja akampigia kelele kwa lugha yetu ya milimani, "Inama, baba, unachakura kama kuku!" Nikamtafsiria kwamba anasifiwa. Akaongeza bidii. Wanawake wakapiga vigelegele, naye akawa mwekundu kwa furaha. Baadaye tukala makande sote, akaeleza habari za miche mipya ya kahawa, na wakulima wakaikubali papo hapo. Mtu aliyelima nao watamkatalia vipi?

Baba mkubwa aliichukua pembe yake. Akanitazama. "Asheri, huko shule walikufundisha kusoma. Kusikia hawakukufundisha?"

Njiani Bwana aliimba. Kazi ni yangu!

Jumatatu, 15 Agosti. Same.

Kassimu amenivutia kiti. Kwa mkono wake mwenyewe! Bwana anataka Jumatano tushuke hadi kijiji cha Bendera, na gari liwe na sauti ile ile au zaidi. Nilisema "Ndiyo, Bwana".

Nimetafakari sana kosa langu, na nimelielewa: lilikuwa pembe. Nimepata kitu bora. Kanisani kuna kengele ya zamani iliyolala stoo, shaba tupu, nzuri mno. Spika nitaitundika ndani yake, kengele yenyewe ining'inie nyuma ya gari. Yudith wa kwaya, aliyenifungulia stoo, akauliza watu wa njiani wakisikia kengele katikati ya juma hawatadhani kuna msiba? Nikamtuliza. Haitapigwa hata kidogo. Itaguswaguswa tu na mashimo ya barabara.