Unga wa Majani na Sungura wa Mama Queen

Jumatatu, 3 Juni 2024
Mama Queen kasafiri kwenda Muleba kumuuguza mama yake. Kaniachia sungura wake: majike wanne, wote wana mimba, na dume mmoja. Maagizo: nyasi, maji safi, pumba, na kikombe kimoja kwa siku cha unga wa majani ya mlonge. Kimoja, Baba Queen! Kama vile sijui kuhesabu.

Jirani yetu, Mwalimu Rwehumbiza, kanionyesha jike wake aliyezaa watoto tisa. Anasema ni mlonge huohuo. Tisa! Nikampongeza. Shingo upande.

Alhamisi, 6 Juni
Unga umekwisha. (Nilikuwa natia vikombe vitatu.) Milonge ya hapa Buswelu yote ina wenyewe. Ila uzio wa kanisa umejaa lusina, miti ya malisho ya mbuzi. Majani madogomadogo, ukiyatazama haraka ni mlonge kabisa. Nimekata gunia zima, nikaanika kwenye bati la moto, nikatwanga. Kijani safi! Nani atajua? Pumba nimeziacha, zinapunguza nguvu. Sungura wanakula kama wana hasira.

Jumamosi, 8 Juni
Nimempelekea Bibi Teodora, mjane wa nyumba ya tatu, ndoo ndogo ya "mlonge". Ana jike mmoja tu, naye ana mimba. Lengo: akawasimulie wafugaji wa kikundi chetu kwamba utaalamu uko kwangu mimi Privatus, si kwa Mwalimu. Kanishika kichwa kwa mikono miwili, kanibariki. Nikainama ili afike vizuri.

Jumapili, 16 Juni
Majike wananyonyoka manyoya! Sungura akikaribia kuzaa hujing'oa manyoya ya kutandikia watoto, hilo najua. Nimempigia Mama Queen: wote wanne, wiki hii! Akauliza kama nimeweka masanduku ya kuzalia. Nikasema ndiyo. Nikaenda kutafuta mbao.

Baadaye nimeona dume naye ana upara mgongoni. Dume hatandikii mtoto.

Jumanne, 18 Juni
Bibi Teodora kaja. Jike wake ameharibu mimba. Vitoto sita, vyote vimekufa. Kaniletea viazi vitamu, kaniomba radhi: eti mimi nimehangaika kumpa chakula kizuri, naye hakujua kutunza. Ananiomba radhi mimi! Nikasema, "Usijali, bibi, hutokea." Viazi nikavipokea. Nimevila.

Jumatano, 19 Juni
Mwalimu kaja kuazima reki, kaona banda. Kachota unga kiganjani, katoa kipande cha ganda la mbegu.

"Privatus, hii ni lusina."

Nikasema labda imechanganyikia kinuni. Akasema lusina kidogo si neno, lakini ukiwalisha nyingi kila siku inawanyonyoa na mimba zinaharibika. Hakucheka. Afadhali angecheka. Akauliza nimempa nani mwingine.

Nimekwenda kwa Bibi Teodora. Nimemwamkia shikamoo mara mbili. Kisha nimemwambia yote, hata habari ya uzio wa kanisa. Akaendelea kuchambua dagaa.

"Ungesema tu huna mlonge, baba," akasema mwishowe. "Mimi ninao, ule pale nyuma ya choo. Ningekukatia."

Mti mkubwa! Nimeupita miaka sita. Kanikatia matawi hata hivyo. Nimeyabeba mchana kweupe, watu wote wakinisalimia.

Jumamosi, 22 Juni
Mama Queen karudi. Jike mmoja tu ndiye aliyezaa, na watoto walio hai ni wawili. Alisimama bandani, begi bado mkononi. Nikaanza kueleza kuhusu hali ya hewa. Kumbe kashapita kwa Bibi Teodora.

"Wakiacha kunyonya, mmoja ni wa bibi," kasema. "Utampelekea wewe mwenyewe. Kwa miguu."

Nikakubali. Dume alikuwa ananitazama na upara wake. Nikageukia ukutani.

Jumanne, 25 Juni
Nimeshuka ziwani, mwaloni kwa wavuvi, kununua dagaa. Magugu maji yamejaa ufukweni! Mabichi, manene, hayana mwenyewe wala uzio. Nimemuuliza mvuvi mmoja kama ng'ombe hula. Akasema huwa wanayagusagusa. Inatosha! Yakikauka na kutwangwa, kijani ni kijani. Nimejaza magunia mawili. Moja letu. La pili nitampelekea Bibi Teodora, nimtake radhi vizuri.