Bi Borbála Ameniita Mtamu

Jumatatu, 12 Agosti
Bendi yetu imepata kiongozi mpya, Bi Borbála, Mhungari. Kiitaliano chake ni maneno ya muziki tu. Nimepuliza tarumbeta, akanitazama, mkono kifuani: “Oreste, dolce!” Dolce! Yaani mtamu! Tangu mke wangu Marisa anikimbie hakuna aliyeniita hata chachu.

Jumatano, 14 Agosti
Mazoezi. Nimepuliza kwa nguvu zote anione vizuri. Amefaulu kuniona. “Dolce! Dolce, Oreste!” Karibu alie. Uso mwekundu. Mapenzi hayo! Quinto wa bucha, mpiga ngoma, kanicheka: “Anakuomba upunguze kelele, we punda.” Wivu mtupu. Mpango: keki. Keki nayo kwetu ni dolce. Atanielewa.

Alhamisi, 15 Agosti
Balaa! Nimepiga goti mbele ya bendi nzima, sahani mkononi. Bi Borbála kaipokea sahani, kaiweka kitini. Kisha kafungua karatasi yangu ya muziki, kaweka kidole chini ya noti zangu. Imeandikwa: dolce. Katoa na karatasi zake za Budapest. Kihungari kitupu, na katikati yake: dolce. Dada yangu Ilda, wa filimbi, akanieleza kwamba dunia nzima wanamuziki huandikiwa hivyo, kwa Kiitaliano chetu. Maana yake: piga kwa utamu, taratibu. Ningejuaje? Mimi hupiga kwa sikio. Karatasi naiweka mbele ili nifanane na wenzangu. Keki kaila Quinto.

Ijumaa, 16 Agosti
Sikukuu ya Mtakatifu Rocco. Uwanja umejaa. Aibu imenimaliza, pumzi sina. Zamu yangu ikafika, nikapuliza kinyonge tu. Lahaula! Sauti ikatoka laini kama asali. Bibi vizee wakaacha umbea. Ilda akajifuta macho. Quinto akasahau kupiga ngoma. Bi Borbála kafumba macho, akatabasamu mpaka mwisho. Sijawahi kupiga hivyo. Sikujua naweza.

Jumamosi, 17 Agosti
Kaja mwenyewe kwenye kibanda changu cha kunyolea nywele! Kaleta wimbo mpya, kaniahidi, kwa ishara na kalenda yangu ya ukutani, kunifundisha kusoma noti kila Jumanne. Kisha kaninyooshea kidole, akatamka polepole: “Amoroso.” Yaani mwenye mapenzi! Ilda anasema hilo nalo limeandikwa kwenye karatasi ya wimbo huo. Maskini Ilda, hajui kutofautisha. Lile la kwanza lilikuwa la karatasi. Hili amelisema kwa macho. Nimeagiza suti.