Kinga Bila Kujifungia

Jumatatu, 4 Mei 2020

Hatimaye wakubwa wa makao makuu ya chama chetu wameamka! Wapinzani tusiishie kulalamika, wamesema. Kila tawi lilete mkakati wake wa kupambana na korona bila watu kufungiwa ndani. Jumamosi Mama Naima, mwenyekiti wa jimbo, anakuja Vingunguti kusikiliza. Atakayemkuna ndiye atakayegombea udiwani. Tupo wawili. Mimi Didas, mwalimu wa tuisheni, nisiye na wa kumfundisha tangu shule zifungwe. Na Nurdin, dalali wa viwanja. Dalali!

Mkakati wangu uko tayari. Mchinjaji hawezi kuchinja ng'ombe kwa simu, kwa hiyo kazi ziendelee. Watu wanawe, wavae barakoa, wapeane nafasi. Nafasi kiasi gani? Mita hakuna anayezijali, lakini hapa jirani na machinjio ng'ombe kila mtu anamjua. Basi, urefu wa ng'ombe mmoja kati ya mtu na mtu! Nimemweleza mke wangu Rosalia, ambaye ni mjamzito wa leo au kesho. Amesema aanze kupewa yeye huo urefu wa ng'ombe, kati yangu na kitanda chake. Mimba inaleta hasira.

Jumanne, 5 Mei

Kikao cha tawi. Nimetoa hoja ya ng'ombe. Nurdin akauliza ng'ombe gani, wa Kisukuma au wa maziwa, na je, pembe zinahesabiwa? Wakacheka, wapumbavu. Mtu anayeuza kiwanja kimoja kwa watu watatu leo anadai vipimo sahihi!

Nimewaambia nina kaulimbiu, ila sitaitaja mpaka Jumamosi. Nikiitaja leo, kesho utaikuta ukutani kwa Nurdin. Naiandika hapa tu: KINGA BILA KUJIFUNGIA. Shajara hii nitailalia.

Jumatano, 6 Mei

Nimempigia Ansbert, mchora mabango wa Buguruni. Akataka nimtumie maneno kwa meseji. Meseji! Ansbert si Mwislamu, lakini mwezi huu mzima futari ya kwa Nurdin haimpiti. Ningeandika, Nurdin angeisoma kabla ya kumaliza uji. Nikamtajia kwa mdomo. Akasema hasikii vizuri, nivue barakoa. Nikamjibu kiongozi havui barakoa, hata kwenye simu. Mama wa chipsi, niliyesimama jirani na banda lake, akaniuliza kwani simu nayo inaambukiza. Elimu bado sana kata hii.

Ijumaa, 8 Mei

Bango limekuja, limefungwa magazeti pande zote kama nilivyoagiza. Rosalia akaomba afunue kidogo tu asome. Nimekataa. Mke ni mke, siri ya chama ni siri ya chama. Akasema haya. Hiyo haya yake siipendi.

Jumamosi, 9 Mei

Nimedhulumiwa! Mchana kweupe!

Asubuhi nilikwenda machinjioni na kamba kupima ng'ombe. Kanipiga teke. Sawa, siasa ina gharama zake. Viti nikavipanga kwa kamba ile ile. Mama Naima akaketi, nikamwamkia shikamoo kwa mbali, nikachana magazeti kwa mbwembwe. Halafu vicheko. Nikageuka.

KINGA BILA KUJIFUNGUA. DIDAS ANATOSHA!

Akina mama wa nyuma wakasogea mbele, ng'ombe wote wakasahauliwa. Mmoja akauliza vidonge vya uzazi wa mpango vinatolewa wapi. Mwingine akasema yeye anataka kijiti. Kisha wote wakamwangalia Rosalia, aliyekaa mbele na tumbo lake. Mama Naima akafuta machozi, akasema kwa huyu mkakati umechelewa. Mimi nikahangaika kulifunika bango kwa magazeti yaliyochanika. Nurdin akasimama kama mkombozi, akasema mwenzetu alimaanisha kujifungia, kwamba tutanawa, tutavaa barakoa, tutapeana urefu wa ng'ombe, na kazi zitaendelea. Ng'ombe wangu! Makofi. Mama Naima kamteua yeye papo hapo.

Nimemvaa Ansbert. Anadai alichora alichosikia, ati barakoa ilimeza neno. Mwongo! Kahongwa tende.

Jumapili, 10 Mei

Nimepata binti! Rosalia alishikwa na uchungu alfajiri, nikamkimbiza hospitali, wote wawili ni wazima. Nimelia mpaka barakoa ikalowa. Nikampigia mama mkwe kule Kibamba, barakoa ikiwa mahali pake, kwamba Rosalia amejifungua. Akauliza mara mbili. Akauliza tangu saa ngapi, nikasema tangu alfajiri. Akauliza kama nimeingia kumwona, nikasema mimi nimezuiwa mlangoni. Akaangua kilio na kukata simu. Nikajua ni furaha.

Nimerudi nyumbani kuchukua khanga za mzazi. Mlango haupo! Umelala sebuleni, bawaba zimeng'oka. Mama mkwe amesimama juu yake, akiita Rosalia mwanangu toka, huyo mwanamume si wa kumfia. Kumbe amesikia amejifungia! Na nani aliyemsaidia kusukuma? Nurdin! Anasema alisikia mama wa watu analia, akaja mbio kama jirani mwema. Jirani mwema! Amechukua udiwani, sasa kaja kumalizia mlango.

Nimemhadithia Rosalia kwa simu. Amecheka mpaka muuguzi akamkataza. Amesema jana bango, leo mlango, kuanzia sasa niwe naandika meseji. Nimemsamehe, bado ana uchovu wa uzazi. Meseji, ili Nurdin asome!

Lakini Didas haanguki mara mbili. Uenyekiti wa tawi bado upo. Nimekaa sebuleni, upepo unaingia, wapita njia wananisalimia moja kwa moja mpaka ndani, na kaulimbiu mpya ikaja yenyewe. MLANGO WA DIDAS UKO WAZI. Nimempigia Ansbert hapo hapo. Barakoa sikuvua. Nimemtajia polepole, neno kwa neno, akasema safari hii amenipata vizuri kabisa. Ila aliniuliza kama mwishoni aweke alama ya kuuliza. Mchora mabango gani huyu? Nimemwambia aweke alama anayoitaka, bora Nurdin asijue.