Nabii wa Urithi wa Subukia

Jumapili, 8 Juni
Ushindi tena! Nilitangazia hoteli nzima ya Tabby kwamba Wangeci wa kwenye tamthilia atatoroka kupitia zizi la ng'ombe. Akatoroka. Kupitia zizi! Tabby akaniongezea chapati. Jepkemei wa saluni akaniita nabii. Hapa mtaani Free Area hakuna anayejua kwamba tamthilia hii, Urithi wa Subukia, imetoka kwa vitabu vinne, na kwamba nimevisoma vyote. Siri yangu.
Balaa: leo kitabu cha nne kimeisha kwenye televisheni. Tamthilia haijaisha.

Jumatatu, 9 Juni
Jepkemei aliuliza mjomba mwovu wa tamthilia atafanya nini Jumapili ijayo. Nikamwambia maono bado yanachemka. Akasema nikipatia, atakuja nyumbani kwetu kumwona mama. Kumwona mama! Thuo muuza simu, mtu ambaye hajawahi kusoma hata maagizo ya dawa, akadakia kwamba mjomba ataleta pacha wake. Eti watu wa televisheni wakikosa la kusema huleta pacha. Nilicheka hadi chai ikanipalia. Mjinga!

Jumatano, 11 Juni
Nilipanda hadi kijijini Dundori kumtafuta mwandishi wa vitabu vile, Mama Njoki. Nikamkuta anachimba viazi. Nilijitambulisha kama mwanahabari. Akanipa jembe. Mistari mitatu ya viazi baadaye nikapata nafasi ya kuuliza hadithi inaishaje.
"Kijana, watu wa televisheni wamenipita," akasema. "Siku hizi hata mimi natazama ndio nijue."
Na kitabu cha tano? Anakiandika miaka mingi sasa, ng'ombe hawampi nafasi. Lakini ndani yake mjomba anatubu, anasamehewa, anakufa kwa amani. Karibu nimkumbatie! Mgongo unaniuma, lakini nina neno kutoka kwa muumba mwenyewe. Thuo amekwisha.

Jumapili, 15 Juni
Nilipanda juu ya benchi nikatangaza toba ya mjomba. Nikaongeza machozi yangu mwenyewe. Tamthilia ikaanza. Mlango ukafunguka. Mjomba akaingia. Nyuma yake akaingia mjomba mwingine.
Pacha!
Hoteli ililipuka. Thuo alibebwa juu juu. Nikapiga kelele kwamba televisheni imekosea, kwamba nimeongea na mwandishi, kwamba vitabu nimevisoma vyote vinne!
"Kumbe ulikuwa unasoma tu?" Tabby akauliza.
Jepkemei hakuniangalia. Alikuwa anamwuliza Thuo kama mama yake bado yuko hai.

Jumanne, 17 Juni
Nimemaliza kuomboleza. Kosa halikuwa langu, lilikuwa la televisheni. Habari njema: Ijumaa inaanza tamthilia mpya ya mauaji, nayo pia imetoka kitabuni! Nimekipata kwa muuza vitabu vya mitumba. Nusu ya mwisho imeng'oka, lakini mtu mwerevu anahitaji mwisho wa nini? Tayari nimemwapia Tabby, mbele ya wateja wote, kwamba muuaji ni daktari.
Niko ukurasa wa kumi. Bado hakuna aliyekufa. Wala daktari sijamwona.